Spika ndogo, matangazo makubwa

Mei 1970 wasomaji wa Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa na kukataa matangazo ya biashara, walisimuliwa habari za fidla yenye upana wa futi kumi. Wapimaji wa jarida hilo walikuwa wameketi mbele ya spika mpya ziitwazo Bose 901. Walipocheza rekodi za ala moja moja, fidla ilitanuka kiasi hicho na piano ikaenea kutoka ukuta hadi ukuta. Wakaandika pia kwamba sauti za ala zilikuwa zikitangatanga chumbani.

Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Kampuni ya Bose ilidai kwamba imechafuliwa jina, kwa kuwa sauti zilisogea tu kando ya ukuta, kati ya spika moja na nyingine, wala hazikuzunguka chumba kizima. Jaji wa kwanza aliikubalia hoja hiyo. Mahakama ya rufaa ikaitengua, na tarehe 30 Aprili 1984, miaka kumi na minne baada ya jarida kutoka, Mahakama ya Juu ya Marekani ikahitimisha kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba mwandishi kuteleza katika kuchagua maneno hakumfanyi kuwa mwongo wa makusudi. Wanasheria huisoma kesi hiyo kama nguzo ya uhuru wa vyombo vya habari. Wapenzi wa sauti, wale wanaoweza kubishana usiku kucha kuhusu waya wa spika, wanaikumbuka kama siku kampuni yenye majigambo ilipoumbuliwa.

Uhasama huo haujaisha. Ukitaka kuwachokoza watu hao, taja jina la Bose. Wanao msemo wa kejeli wenye vina kwa Kiingereza, unaosema kwa kifupi kwamba ikiwa sauti za juu hazipo na za chini hazipo, basi spika hizo ni za Bose. Na kinachowaudhi zaidi kuliko hata ile 901 ni vile visanduku vidogo vya sinema ya nyumbani vilivyokuja baadaye, vikasifiwa katika kurasa nzima za magazeti na majarida na kuuzwa kwa bei ya vitu vikubwa.

Inafaa kumjua mwenye jina. Amar Bose alizaliwa Philadelphia mwaka 1929, mtoto wa mpigania uhuru wa Kibengali aliyekimbilia Marekani baada ya kusakamwa na wakoloni wa Kiingereza. Ujana wake aliutumia kutengeneza redio mbovu. Mwaka 1956, akiwa katika Chuo cha MIT, alikwenda kujinunulia mashine ya muziki. Alichagua kihandisi: akasoma karatasi ya vipimo, akaona takwimu ni safi, akalipa. Alipoifikisha nyumbani na kuiwasha, hakuupenda muziki uliotoka.

Tukio hilo lilizaa imani mbili alizokaa nazo mpaka alipofariki mwaka 2013. Ya kwanza ni kwamba katika ukumbi wa muziki sehemu kubwa ya sauti humfikia msikilizaji baada ya kugonga kuta na dari, kwa hiyo spika nayo ifanye vivyo hivyo. Ndiyo maana 901 ya mwaka 1968 ilikuwa na koni tisa, nane zikitazama ukuta wa nyuma na moja tu ikimtazama msikilizaji. Ya pili, ambayo ndiyo iliyozua balaa, ni kwamba vipimo vya kwenye karatasi havisemi lolote la maana kuhusu kile sikio linachosikia. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1964 ikajijengea desturi ya kutotangaza vipimo vya spika zake za nyumbani. Mteja alielezwa bei, rangi na vipimo vya rula. Spika inashuka hadi masafa gani, inapanda hadi wapi, inayumba kiasi gani katikati, hayo aliachiwa masikio yake.

Mwaka 1987 ikatoka Acoustimass 5: visanduku vinavyoenea kiganjani, kila kimoja na koni ya inchi mbili na nusu, pamoja na sanduku la besi ambalo mteja aliambiwa anaweza kulificha nyuma ya kochi. DVD zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1997 na kila sebule ikatamani kuwa sinema yenye sauti za kuzunguka, mtindo huo ukawa dhahabu. Hakuna aliyetaka spika tano zenye ukubwa wa masanduku ya nguo kuzunguka televisheni yake.

Uuzaji wake ulikuwa sanaa. Kampuni ilianza kufungua maduka yake yenyewe mwaka 1993, na ndani yake kulikuwa na vyumba vya maonyesho ambamo wageni walipigiwa vipande vya filamu vilivyochaguliwa kwa makini: helikopta, radi, kishindo cha jengo. Mwishoni mhudumu aliondoa maumbo makubwa yaliyodhaniwa kuwa ndiyo spika, na chini yake vikaonekana visanduku vile vidogo. Watu waliduwaa. Hapo hakuna aliyekumbuka kuuliza kwa nini hawakupigiwa kwaya, au mtu mmoja akiimba na gitaa lake, au spika ya kampuni nyingine ya bei ileile.

Wenye shaka wao waliuliza, na hoja yao kubwa iko kwenye fizikia, ambayo haina upendeleo kwa kampuni yoyote. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa. Kila sauti inaposhuka oktavu moja, yaani masafa yanapopungua nusu, koni hulazimika kusukuma hewa mara nne zaidi ili nguvu ya mlio ibaki ileile. Kutoka hezi 200 hadi hezi 50 ni oktavu mbili, kwa hiyo hewa inayohitajika ni mara kumi na sita. Koni ya inchi mbili na nusu ina eneo la kama sehemu moja ya kumi ya koni ya inchi nane. Haina ubavu wa kazi hiyo, hata ikiwa imetengenezwa na malaika.

Matokeo yake ni kwamba kisanduku huacha kazi mapema, na mzigo wote wa chini huangukia sanduku la besi. Tatizo liko hapo hasa. Sikio la mwanadamu halitambui vizuri besi inatoka upande gani ikiwa iko chini ya hezi 80 hivi, na ndiyo sababu mfumo wa THX, uliozaliwa katika kampuni ya filamu ya George Lucas mwaka 1983, ulichagua hezi 80 kuwa mpaka wa kukabidhiana kazi kati ya spika na sabufa. Chini ya mpaka huo unaweza kuificha sabufa na asiijue mtu. Lakini kisanduku kikiwa kidogo kiasi cha kushindwa kufika huko, sanduku la besi hulazimika kupanda hadi karibu na hezi 200, na katika eneo hilo ndimo iliyomo sauti nzito ya mwanaume. Mtangazaji anasoma habari: midomo iko kwenye televisheni, kifua kiko nyuma ya kochi.

Mtaalamu wa Marekani J. Anton Hofmann, mwenye herufi H katika jina la kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa mwaka 1957, amebaki katika kumbukumbu za mafundi kwa kanuni wanayoiita ya chuma. Kuna mambo matatu: sanduku dogo, besi inayoshuka chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Tangazo linaloahidi yote matatu limeficha kitu.

Ni vizuri kusema hapahapa kwamba udogo wenyewe haujawahi kuwa kosa. Mwaka 1954 Edgar Villchur alileta spika ya AR-1 iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani ya sanduku kama springi ya koni, na kwa mara moja besi ambayo kabla ya hapo ilihitaji kabati ikatoka kwenye sanduku la kuweka rafuni. Wapenzi wa sauti hawakumzomea, walimpigia saluti. Kampuni yake, Acoustic Research, ilichapisha vipimo vya spika zake ili kila mtu avione, na ikaandaa maonyesho ambamo wanamuziki walipiga jukwaani kisha wakaachia rekodi iendelee bila hadhira kuambiwa lini wameacha. Kulikuwa na majigambo ndani yake, bila shaka. Lakini ni majigambo yaliyokuwa tayari kukaguliwa, na tofauti hiyo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, inaeleza chuki dhidi ya Bose zaidi kuliko suala la inchi.

Shutuma nyingine zinazorudiwarudiwa ni dhaifu zaidi. Mara nyingi utasikia kwamba mtu alikifungua kisanduku cha Bose akakuta koni ya karatasi, eti ushahidi wa wizi. Karatasi ni mali nzuri kwa koni: nyepesi, ngumu, haivumi ovyo. Baadhi ya spika zinazoheshimiwa sana duniani zinaitumia. La kuuliza ni bei. Mfumo wa Lifestyle 650 uliuzwa Marekani kwa takribani dola 4,000, na kwa fedha hizo mtu angeweza kununua amplifaya nzuri, spika tano za ukubwa wa kawaida na sabufa ya kweli, halafu akabakiwa na chenji ya kochi.

Sasa tuwageukie wenye shaka wenyewe, maana nao wana la kujibu.

Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Harman, waliwaita wafanyakazi 40 wa kampuni hiyohiyo kusikiliza spika nne. Kwanza walisikiliza bila kuziona, kisha wakasikiliza wakiwa wanaziona. Baadhi ya spika zilikuwa kubwa, za gharama na zenye sura ya kifahari. Moja ilikuwa mfumo mdogo wa bei nafuu: visanduku vya plastiki na sabufa yake. Pazia lilipokuwa limefungwa, mfumo huo mdogo ulijipatia alama za kuridhisha kabisa ukishindana na wakubwa. Pazia lilipofunguliwa, alama zake zikaporomoka na za wale warembo zikapanda. Ilikuwa sauti ileile, chumba kilekile, masikio yaleyale. Hata wasikilizaji wazoefu hawakusalimika.

Jaribio hilo linauma pande zote mbili. Linasema kwamba maumbo makubwa ya dukani kwa Bose yalifanya kazi kwa sababu macho husikia kabla ya masikio. Vilevile linasema kwamba bingwa wa sauti anayekunja uso mara tu anapoona kisanduku kidogo huenda hajasikia chochote bado. Toole aliyeanzia utafiti wake katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jambo ambalo Amar Bose hakulikubali: kwamba vipimo vikichukuliwa vizuri, spika ikazungukwa pande zote na si mbele tu, vinaweza kutabiri vizuri watu watapenda ipi pazia likiwa limefungwa. Karatasi ya vipimo iliyomdanganya Bose mwaka 1956 ilikuwa fupi mno. Dawa yake ilikuwa kuirefusha, naye akaichana.

Na tusimsahau mnunuzi wa kawaida, ambaye wajuzi humcheka kirahisi mno. Mara nyingi alichonunua ni sebule iliyobaki sebule. Nyaya hazikuonekana, watoto hawakuangusha kitu, na hapakuwa na ugomvi ndani ya nyumba kuhusu minara miwili mieusi kando ya televisheni. Sauti ilikuwa bora kuliko ile ya televisheni yenyewe, hasa hizi nyembamba za sasa ambazo spika zake zimebanwa chini zikiongea na meza. Kama alikuwa na uwezo na akaridhika, kuna ubaya gani? Ubaya pekee ni kwamba hakupewa nafasi ya kujua alichokosa.

Kampuni yenyewe imeendelea kubadilika. Maduka yake yote 119 ya Marekani Kaskazini, Ulaya, Japani na Australia ilitangaza kuyafunga Januari 2020, watu wakiwa wamehamia kununua mtandaoni, na visanduku vimezidi kupisha spika ndefu moja inayolala chini ya televisheni. Kisha, Novemba 2024, likatokea ambalo mabishano yote ya miaka hamsini hayakulitabiri: Bose iliinunua McIntosh Group. McIntosh ndiyo wenye amplifaya za vioo vya mita za buluu, zilizosukuma sauti ya tamasha la Woodstock mwaka 1969. Pamoja nayo ilikuja Sonus faber ya Vicenza, Italia, inayotengeneza spika kwa mbao na ngozi kama fundi wa viatu vya harusi. Waliokuwa wakilitumia jina la Bose kama tusi walijikuta siku moja na mashine zenye baba huyohuyo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, visanduku vya dola elfu nne ni habari ya wachache. Mapenzi ya mtaani ni sabufa, neno ambalo siku hizi linabeba seti nzima, sanduku la besi na vispika vyake viwili, vitatu au vitano, pamoja na rimoti, bluetuthi na nafasi ya flashi. Maboksi yake yamepangwa mpaka darini Kariakoo na kando ya Luthuli Avenue, Nairobi. Ujanja wa matangazo hapa unakwenda kinyume na ule wa Bose. Ile ilificha namba, hawa wanazipiga mayowe: 8,000 PMPO, 10,000 PMPO, wakati mwingine zaidi.

PMPO hudaiwa kuwa kilele cha nguvu ya muziki, lakini hakuna kipimo kilichokubaliwa cha kuipata, na kila kiwanda hupiga hesabu kwa namna kinavyotaka. Plagi ya pini tatu inayotumika Tanzania na Kenya ina fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, uwezo wake ni wati 2,990, chini ya elfu tatu. Kitu cha wati 10,000 kingechoma fyuzi kabla wimbo haujafika kiitikio. Watetezi wa namba hizo husema ni kilele cha kufumba na kufumbua, nguvu iliyohifadhiwa kwenye kapasita ikaachiwa mara moja. Sawa, lakini muziki hausikilizwi kwa kufumba na kufumbua.

Ukweli huwa umebandikwa nyuma ya sabufa hiyohiyo. Igeuze, tafuta kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme, na mara nyingi utakuta maandishi madogo ya volti, hezi 50, na wati kadhaa: 40, pengine 60. Hicho ndicho ambacho chombo kinavuta ukutani, na hakiwezi kutoa sauti kwa nguvu ambayo hakikuivuta. Boksi linasema elfu kumi, mgongo unasema arobaini. Vyote viwili vimetoka kiwanda kimoja.

Marekani ilikwisha kuchoshwa na michezo ya namna hii zamani. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliweka kanuni ya jinsi watengenezaji wa amplifaya za nyumbani wanavyopaswa kutaja nguvu zake: wati zinazodumu, wala si mwako wa mara moja. Mwaka 2024 ikaikaza tena, ikitaka kipimo kifanyike katika masafa yote kutoka hezi 20 hadi 20,000 na mkwaruzo usizidi asilimia moja. Kanuni hiyo haifiki kwenye boksi lililoshushwa Mombasa au Dar es Salaam.

Kwa hiyo mnunuzi wa huku anabaki na masikio yake na dakika chache za dukani, na muuzaji kwa kawaida atampigia singeli kwa sauti ya kupasua vioo, kwa sababu ngoma inayorudi mahali pamoja haiumbui sanduku baya. Ni afadhali aende na flashi yake, ndani kukiwa na rumba ya Kongo yenye gitaa la besi linalotembea. Waya wa chini kabisa wa gitaa hilo hutoa hezi 41. Kwenye sanduku lililotengenezwa kwa uangalifu, noti zinapanda na kushuka na unaweza kuzifuata kwa kidole. Kwenye lililotengenezwa kwa ajili ya kishindo, noti zote zinageuka kuwa ‘du’ moja. Kisha aweke taarabu asilia au mtu anayezungumza tu, na aulize kama besi inaweza kushushwa hadi sifuri. Kwenye seti nyingi kuna kitufe cha kufanya hivyo. Kitakachobaki ni vile vispika vyenyewe, na baada ya hapo majadiliano ya bei yanaweza kuanza.